Mawe ya Mlango wa Pweza

Nakumbuka asubuhi moja ya bamvua, mwanangu, maji yamekupwa mpaka mwamba wote umebaki wazi, na mimi nimesimama juu yake na viatu vya shule, darasa zima nyuma yangu, natoa amri. Naikumbuka leo kuliko siku zote kwa sababu ya simu yako ya jana. Tangu uliponiambia kwamba Alhamisi unawashusha darasa la nne mwambani kuokota mawe ya mradi wenu, sijatulia. Nimepalilia ufuta mistari miwili nikaacha. Nimebandika maharage nikasahau chumvi. Kuku nimewafokea bila kosa. Sasa nimejilazimisha kukaa hapa kibarazani Miteja, nakuandikia kwenye simu kwa kidole kimoja, na nikikosea herufi utanisamehe, maana hii miwani na macho yangu siku hizi havipatani.

Ulinieleza vizuri, na nilisikia furaha kwenye sauti yako. Makazi ya wanyama, kila kundi lijenge nyumba ya mnyama wake. Hawa kiota cha mnana, wale kichuguu cha mchwa, wengine pango la pweza. Sikupingi hata kidogo. Mtoto akijenga kitu kwa mikono yake hakisahau, nami nimefundisha hivyo mpaka nilipostaafu. Kilichonitoa kwenye kiti ni lile neno la mwisho, ulilolisema huku unacheka. Ulisema kuna mtoto mmoja mbishi, Somoe, hataki kwenda mwambani, anadai mawe yale yana mwenyewe. Ukasema utamnyoosha. Kisha chaji ikakuishia, nikabaki na simu sikioni.

Unajua kwamba shule uliyopangiwa ndiyo niliyoanzia kazi mimi. Usichokijua ni kwa nini sikuwahi kukupeleka huko ulipokuwa mdogo, pamoja na kuniomba kila likizo. Nilikuwa nasingizia barabara. Haikuwa barabara, mwanangu, nilikuwa naona haya.

Nilifika pale nina umri kama wako, nimetoka chuoni na cheti kwenye bahasha na kiherehere kichwani. Mimi mtu wa milimani, Umatumbini, bahari nilikuwa nimeiona mara mbili tu, na mara zote kupitia dirisha la basi. Mwili wangu haukujua kutulia. Nikiwa ubaoni natembea, nikisahihisha madaftari natikisa mguu, mtoto akianza kujibu swali namalizia mimi. Mwalimu Mkuu wetu, mzee mpole aliyekuwa anahesabu miezi ya kustaafu, alinipa darasa la nne, somo la sayansi, akaniambia mkaguzi atakuja baada ya wiki mbili. Hapo ndipo nilipokosa raha kabisa. Nilitaka mkaguzi akiondoka, darasa analolisimulia huko mbele liwe langu.

Tukajenga. Watoto walileta nyasi, udongo, makuti, maboksi ya sabuni. Wa mchwa walichafuka mpaka kwenye nyusi, na wa mnana walifuma kiota kizuri nikakificha kabatini kisiguswe. Pweza nilimweka katikati kwa sababu wazazi wengi pale waliishi kwa bahari. Tulipata sanduku la mbao tukalijaza mchanga, na pweza mwenyewe tukamkata kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, mikono minane, macho ya vifungo vya shati. Yakabaki mawe ya kumjengea pango. Nilitaka mawe ya kweli, kutoka mwambani.

Katika darasa lile alikuwepo msichana anaitwa Mwajuma. Alikaa karibu na dirisha, hazungumzi sana, mwandiko wake mzuri. Alilelewa na bibi yake, Bi Somoe, mama ambaye kijiji kizima kilimjua kwa kuchokoa pweza. Maji yakikupwa wanawake wanashuka mwambani na fimbo zao nyembamba, wanachungulia mashimo, na Bi Somoe alikuwa wa kwanza kushuka na wa mwisho kupanda. Nikamwambia Mwajuma atuoneshe njia. Akatuonesha, tena kwa furaha, anaruka vidimbwi na kutugeukia kutuambia wapi panateleza.

Tulipofika nikawatawanya watoto. Niliwaambia watafute mawe yaliyokaa vizuri, yanayoshikana, nyumba ya pweza isije ikaporomoka mbele ya mgeni. Muda si mrefu kundi moja likaniita. Walikuwa wameona shimo kwenye mwamba ambalo mdomo wake umezibwa kwa mawe, dogo juu ya kubwa, yameingiana kama yamepangwa na fundi. Nikafurahi sana. Nikasema tuanze na haya.

Mwajuma akaja mbio. Akasimama kati yangu na lile shimo.

"Mwalimu, hayo yasiguswe."

"Kwa nini?"

"Yana mwenyewe."

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Mwamba mtupu mpaka kule mawimbi yanapokatika, hakuna uzio, hakuna mti wa mpaka, hakuna nyayo. Sasa uelewe, mwanangu, maana na wewe damu yako ni ya kulekule. Kwetu milimani jiwe ni kero. Unalima, jembe linagonga, unaling'oa na kulirundika mpakani, na anayepita akikuondolea mawili matatu unamshukuru. Maishani mwangu nilikuwa sijasikia mtu analilia jiwe. Nikaona huyu mtoto anakwepa kubeba mzigo.

"Mwenyewe nani? Bahari ina hati?" nikamuuliza, na darasa likaangua kicheko. Kicheko kile kikanipa kichwa. Nikaongeza, "Acha uvivu. Na kwa ubishi wako, lile kubwa utabeba wewe."

Alinitazama. Mpaka leo naweza kukuchorea ule uso. Hakulia, hakununa, alinitazama tu kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia sawasawa. Kisha akachuchumaa, akalivuta lile jiwe la chini. Maji yaliyotoka ndani ya shimo yalikuwa na weusi. Niliyaona, wala sikuuliza.

Siku hiyo tulifungua mashimo matatu ya namna ile.

Mkaguzi alikuja, akazunguka, akasimama mbele ya pweza wetu wa mpira muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Akaandika. Akasema walimu vijana wa namna hii ndio wanaotakiwa. Mwalimu Mkuu alinipa mkono mbele ya wote, na nikavimba kichwa, nisikufiche. Mgeni alipoondoka sanduku likavunjwa, na yale mawe yakapakwa chokaa na kupangwa kuzunguka maua, kando ya njia ya kwenda kwenye mlingoti wa bendera, pamoja na mengine ya siku zote. Yalipendeza.

Mwajuma hakuwepo siku hiyo. Hakuwepo tangu kesho yake ya siku ya mawe. Nilimwita kwenye mahudhurio, kimya, nikaandika mtoro. Siku ya pili mtoro. Siku ya mkaguzi nilimchukua mtoto wa nyuma nikamkalisha kwenye nafasi ya Mwajuma karibu na dirisha ili safu isionekane na pengo. Kila asubuhi niliandika lile neno kwa wino mwekundu bila kusitasita, na tena nilikuwa namkasirikia.

Kilichonishtua kwanza ni kisimani. Nilikuwa nimezoea wanawake kunipisha, mwalimu achote awahi kengele. Sasa nikifika mazungumzo yanakatika, kila mtu anashughulika na ndoo yake. Shikamoo zangu zilijibiwa, lakini kwa mdomo tu. Nikavumilia siku tatu, ya nne nikamkamata mwanafunzi mmoja baada ya vipindi nikamuuliza kuna nini. Alijikuna shingo wee, ndipo akasema.

"Mwajuma hatoki nje, Mwalimu. Mama zetu wanasema yeye ndiye aliyetupeleka kuvunja."

Kuvunja. Niliondoka pale na chaki mkononi. Sikumbuki nilipita njia gani.

Bi Somoe alikuwa barazani kwake anasuka ukili. Nikatoa shikamoo. Vidole vyake havikusimama. Alisuka mpaka akamaliza urefu aliokuwa nao, akauweka kando, ndipo akaitika marahaba na kunisogezea mkeka.

"Kwenu wapi, Mwalimu?"

Nikamwambia.

"Mnalima."

"Ndiyo, bibi."

"Mbegu mnaiweka wapi?"

Nikamweleza jinsi mahindi ya mbegu yanavyoning'inizwa juu ya jiko, moshi uyapate, na jinsi ambavyo hata njaa ikibana hayaguswi. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama ninayejibu vizuri mtihani.

"Basi mbegu yetu ndiyo mliyoibeba," akasema. "Pweza jike akitaka kutaga anaingia shimoni, anavuta mawe, anajifungia. Mayai anayaning'iniza darini, madogo meupe, ukiona utasema punje za mchele. Yeye hali. Anayapepea maji usiku na mchana mpaka yaanguliwe, na yakianguliwa anakufa. Ukiona shimo limefungwa vile, hupitishi fimbo. Unapita. Mama yangu alipita, mimi napita, na Mwajuma nimemfundisha kupita kabla hajajua kuhesabu. Yale mawe, Mwalimu, hayakupangwa na maji."

Nilitaka kuingilia. Unanijua, nilitaka kueleza habari ya mkaguzi, ya chuo, ya kujifunza kwa vitendo. Akainua kidole.

"Umewafundisha watoto kujenga nyumba ya pweza. Vizuri. Nyumba ilikuwepo. Fundi alikuwa ndani."

Nikaomba radhi. Nikamwambia bamvua lijalo nitayarudisha mawe yote kwa mikono yangu, na nikamwomba Mwajuma arudi shule. Akasema bamvua likifika nije, na nije peku.

Ziko siku kumi na nne kutoka bamvua moja hadi jingine, mwanangu, lakini zile zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko mihula. Maji mafu, yale yasiyokupwa sana, hayana haraka. Kila siku baada ya vipindi nilishuka ufukweni kutazama yamefika wapi, kama vile kutazama kwangu kutayasukuma. Mwamba umefunikwa, chini yake nyumba tatu ziko wazi, na mimi nimesimama mchangani sina la kufanya. Chokaa niliisugua kwa makumbi ya nazi hadi vidole vikachubuka. Haikutoka yote.

Siku ilipofika nilibeba mawe kwa ndoo, safari tatu. Bi Somoe alikuwa ametangulia, na Mwajuma alikuwa nyuma yake ameshika fimbo. Nilipiga magoti kwenye shimo la kwanza nikachungulia. Halina kitu. Hakuna jike, hakuna mayai, samaki wameshapita wakayala. La pili hivyohivyo. La tatu hivyohivyo. Nikaanza kuyapanga mawe pale mlangoni hata hivyo, nayapanga nayapangua, yananiponyoka, yanang'aa kwa chokaa juu ya mwamba mweusi.

"Hayo kayarudishe kwenye maua yenu," akasema Bi Somoe, bila ukali. "Njoo huku."

Alinipeleka mbali kidogo, kwenye shimo jingine lililofungwa. Akaniambia nichuchumae, mikono niiweke mgongoni, nisiseme. Nikachuchumaa. Mguu ukafa ganzi. Nilitaka kuuliza nasubiri nini, nikakutana na macho ya Mwajuma, nikanyamaza. Sijui tulikaa muda gani. Ndipo jiwe moja dogo likatikisika. Mkono mwembamba, rangi ya mwamba wenyewe, ukatokea kwa ndani, ukapapasa ukingo, ukalivuta lile jiwe likaziba upenyo uliokuwa umebaki. Ukaingia.

Nililia, mwanangu. Sikulia kwa haya tu. Nilikuwa nimefundisha makazi ya wanyama wiki mbili nzima, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuyaona.

Nikamgeukia Mwajuma palepale. Nikamwambia nilikosea, kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwalimu siku ile nami ndiye niliyekuwa mjinga, kwamba nitayasema haya mbele ya darasa na mbele ya mama zao. Nikamwomba arudi.

"Nimesikia, Mwalimu," akasema.

Niliyasema mbele ya darasa. Niliyasema kisimani. Nikafungua daftari la mahudhurio na kuchora mstari kwa rula juu ya kila mtoro niliyemwandikia, Mwalimu Mkuu akaniuliza nafanya nini na kitabu cha serikali, nikamwambia nasahihisha. Nafasi ya dirishani sikumkalisha mtu tena. Mwaka ukaisha ikiwa wazi. Mara mbili nilirudi kwa Bi Somoe, na mara ya pili akaniambia, "Mwache. Nimemwambia aende. Hawezi kukaa walipomcheka." Nilipohamishwa nilishukuru, nikajichukia kwa kushukuru.

Ule mwandiko mzuri uliishia darasa la nne, na aliyeukatiza ni mimi.

Miaka mingi baadaye nikakutana naye sokoni Lindi, mwanamke mtu mzima, ana beseni la pweza mbele yake na wenzake wanamsikiliza. Mimi nilimtambua kwanza, na nusura nigeuze njia. Akaniona. Akaja, akainama kidogo, "Shikamoo, Mwalimu," kama vile sikuwahi kumkosea. Tulizungumza habari za kawaida, mvua, Bi Somoe alivyofariki, bei ya nazi. Nilipoaga akanishika mkono, akasema ana binti mdogo, amempa jina la bibi, na umri ukifika atampeleka shule ileile.

"Nimeshamwambia," akasema. "Akiona kitu, aseme. Hata kama watacheka."

Sasa umeelewa kwa nini maharage yangu hayana chumvi.

Huyo unayemwita mbishi ni mtoto wa Mwajuma. Amesema. Amesimama palepale aliposimama mama yake, kati ya mwalimu na shimo, na safari hii mwalimu ni mwanangu mimi. Nimeomba miaka yote hii nipewe nafasi ya kulirudia lile jambo, na Mungu amenipa, ila ameiweka mikononi mwako, nami niko mbali, nasubiri tu simu.

Nasaha yangu ni hii, na usiisome mbiombio kama unavyosoma meseji zangu nyingine. Mradi wako usiufute. Watoto wajenge, wachafuke, wakosee, waanze upya. Ila kabla mtoto hajagusa udongo, mpeleke akaone aliyejenga kwanza, mikono mgongoni, mpaka mguu ufe ganzi. Mchwa wana mpango wao, mnana ana wake, na pweza ana mlango. Mawe ya darasani tengenezeni kwa udongo, yatatosha. Na mtoto akikwambia Mwalimu, acha, basi acha hapohapo, ndipo umuulize. Pengine atakuwa amekosea, atakupotezea dakika tano. Mimi niliokoa zile dakika tano, na hadi leo sijui cha kuzifanyia.

Kesho usisubiri kipindi. Kabla ya kengele nenda kwa Mwajuma, vua viatu barazani, mwamkie, mwambie wewe ni mtoto wa nani. Usione haya kwa ajili yangu, anajua. Mwombe Alhamisi awaongoze yeye. Kisha mwite Somoe mbele ya wenzake wote, wale waliocheka, umwambie, "Nioneshe." Useme hilo tu. Halafu ufunge mdomo, kitu ambacho katika ukoo wetu ni kazi ngumu.

Mungu akutulize mikono mapema kuliko alivyonituliza mimi. Akupe watoto wanaothubutu kukukataza, na masikio ya kuwasikia. Darasa lako lisiwe na nafasi wazi dirishani, na siku utakapozeeka, simu ya mwanao isikutoe kwenye kiti. Amina.

Nimeshachaji simu. Alhamisi maji yakianza kujaa nipigie, uniambie Somoe alikuonesha nini.